Mashuka ya Shemeji

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Jua lilikuwa limeshapanda, redio ya jirani inaimba, mama yangu yuko uani anachochea moto chini ya pipa lake la kufulia, nami nimekaa kwenye kizingiti cha chumba changu nikikwangua rangi iliyogandia kwenye kucha. Kaka yangu alitoka ndani akipiga miayo, akajimiminia chai, akaanza kucheka peke yake.

"Mama, anza kutafuta soko la unga," alisema. "Mke wangu kafungua mashine ya kusaga. Usiku kucha anasaga meno mpaka nikadhani kuna fundi anakata bati chumbani."

Tulicheka. Hata shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto wa watu mgongoni, alicheka. Ila nakumbuka alicheka huku mkono wake mmoja ukiwa nyuma, chini ya kiuno, umekunja ngumi, kama mtu anayejizuia kufanya jambo mbele za watu.

Niseme kabisa tangu hapa: mama atakayesemwa humu ni mama yangu mzazi, kwa hiyo usitegemee nisimulie kama mtu baki. Mengine niliyaona kwa macho yangu. Mengine niliyapata baadaye kwa kaka, na kwa msusi mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa rafiki wa shemeji. Sijaongeza chumvi. Ningeweza kupunguza, ningepunguza.

Nyumba ilikuwa ya mama. Kaka, ambaye watu walimwita Shoti kwa sababu ya kazi yake ya umeme, aliishi na mkewe upande wa mbele. Mama alikuwa na chumba chake katikati. Mimi, fundi rangi nisiye na mke wala mpango wa mke, nilikaa chumba cha uani. Sebule ya mbele shemeji aliigeuza kituo cha kulelea watoto. Kina mama wakienda kazini walimwachia watoto wao, naye aliwalisha, akawalaza kwenye mikeka, akawaimbia. Alikuwa na mkono wa watoto kweli. Mtoto aliyelia kwa kila mtu, kwake alinyamaza.

Wa kwake hakuwa naye. Miaka ilikuwa inakatika. Nyumbani hatukuligusa jambo hilo, na mama ndiye aliyeliogopa kuliko sote. Waliokuwa wakihesabu miezi walikuwa majirani.

Mama alifanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli ujana wake wote. Alipostaafu aliacha hoteli, mashuka hakuyaacha. Kwake shuka ambalo halijachemka lilikuwa chafu hata kama limetoka dukani siku hiyo. Asubuhi kungali na ukungu alipita vyumbani kukusanya, akayatia kwenye pipa, akayachemsha mpaka yakatokota, akayaanika. Tulimtania kwamba siku akifika peponi atawavua malaika kanzu zao.

Shemeji alianza kuwashwa. Alikuwa akiwashwa pale pasipotajwa, kila alipoingia kitandani mwili ukapata joto. Alidhani ni sabuni, akabadilisha sabuni. Alidhani ni nguo za ndani, akanunua nyingine. Aliona haya. Mwanamke mzima, mlezi wa watoto wa watu, ataanzia wapi kumwambia mtu? Alinyamaza. Usingizi ukamkimbia, macho yakaingia ndani. Mchana alisinzia chupa ya maziwa ikiwa mkononi. Na wale watoto pale kwenye mikeka, lau mtu angewatazama vizuri, nao walikuwa wakijisugua makalio chini na kulia bila sababu. Hakuna aliyewatazama.

Asubuhi moja kaka akiwa ameshatoka, mama alibisha hodi chumbani kwao kama kawaida. Shemeji alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kitandani. Mama akakamata ncha ya shuka, akalivuta kuelekea dirishani ili alikunje.

Katikati ya shuka kulikuwa na nyuzi. Nyeupe, nyembamba, fupi kuliko upana wa ukucha.

Mmoja ulijikunja. Halafu ukajinyoosha.

Shemeji aliuona. Akainua macho, akakutana na macho ya mama, naye ameuona. Mama hakupiga kelele. Alikunja shuka kutoka pembeni kwenda kati, polepole, kama mtu anayefunga kifurushi asitake kitu kimwagike.

"Nimeona, mwanangu," alinong'ona. "Usione haya. Niachie mimi."

Namfahamu mama yangu. Alisema hivyo kwa huruma, kumsitiri mtoto wa mwenzake. Lakini shemeji alibaki amesimama kwenye godoro tupu, amejikumbatia, na neno moja tu likawa linamzunguka kichwani. Nimeona. Kaona nini? Na kwa nini hakushtuka?

Alilipeleka swali hilo kwa msusi. Msusi naye alikuwa na mdomo mwepesi na moyo mzuri, mchanganyiko mbaya sana kwa mtu mwenye shida. Akampeleka kwa mtu waliyemwita Mtaalamu.

Msusi aliniambia kwamba hakukuwa na vibuyu wala vitambaa vyekundu. Chumba kilikuwa na vigae sakafuni, viti vya plastiki, pazia safi. Mtaalamu alivaa shati lililopigwa pasi. Hakumwuliza shemeji jina wala alikotoka. Alimtazama kwa muda, kisha akauliza:

"Nani anafua mashuka yako?"

Shemeji hakuwa ametaja shuka. Alikuwa hajafungua mdomo hata kusalimia. Msusi aliniapia hilo akiwa analia, nami nimelikataa kichwani mara nyingi, na kila nikilikataa linarudi.

"Mama mkwe," shemeji akajibu.

"Anayafuaje?"

"Anachemsha."

Mtaalamu aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Wale si wadudu, binti yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Wale ni wanao. Wanatoka kila usiku, kidogo kidogo. Na kila asubuhi yeye anawachemsha."

Walitoka pale. Njiani shemeji alikuwa anatembea polepole, miguu ameitanua kidogo, mkono mmoja ameushika mgongo. Msusi alipomwangalia vizuri, alisimama njiani. Alikuwa anatembea kama mjamzito.

Kesho yake mama alipobisha hodi, mlango ulikuwa na komeo.

Tangu siku hiyo shuka la chumba kile halikuguswa na maji. Mama alisubiri siku chache, akadhani mkwewe kaona haya. Akamfuata uani alipokuwa anaosha vyombo. Mimi nilikuwa pembeni nachanganya rangi, nikasikia kila neno.

"Mwanangu, ni minyoo tu," mama alisema. "Ile midogo ya watoto. Hata hawa unaowalea wanayo, ndiyo maana hawatulii. Unameza kidonge, tunameza sote, nami nachemsha nguo zote. Inaisha."

Shemeji aliweka sahani chini taratibu.

"Unawaita minyoo," alisema.

"Sasa niwaite nani?"

"Wajukuu zako."

Mama alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua kama ametaniwa. Kisha akamwangalia usoni. Kicheko kikafia mdomoni.

Kaka alinunua vidonge. Shemeji alipokea chake, akaweka mdomoni, akanywa maji, na kaka alipogeuza mgongo akakitemea kiganjani. Kaka alimeza cha kwake na kuendelea kujikuna, maana alikuwa analala kwenye shuka lilelile kila siku. Baadaye akahamia kwenye kochi. Aliniambia hakuhama kwa sababu ya kuwashwa, wala kwa sababu ya harufu. Alihama kwa sababu mkewe alikuwa akilala pembeni kabisa ya kitanda, kwenye ubao, na kumwomba naye ajibane ukutani.

"Katikati pasilaliwe," alikuwa akimwambia. "Utawaumiza."

Maneno hayakai ndani ya nyumba. Msusi alimwambia mmoja, mmoja akawaambia wote. Mtaani ikawa mama yangu ni mchawi wa kuchemsha vizazi. Watu aliowafulia nguo za maiti wao bure walianza kuvuka barabara wakimwona. Kina mama wakaja kuchukua watoto wao mmoja baada ya mwingine, bila kuaga, wengine wakiwa wameziba pua za watoto kwa khanga. Kituo kikabaki kitupu.

Shemeji hakukifunga. Kila asubuhi alitandika mikeka.

Alasiri moja nilipita dirishani nikitoka kazini. Nilimwona amepiga magoti sebuleni, mgongo kwangu, anaimba kile kiwimbo chake cha kubembelezea. Mbele yake, juu ya mkeka, lilikuwa lile shuka. Nilitaka kumwita. Aligeuka kabla sijafungua mdomo, akaweka kidole kwenye midomo.

"Shemeji, polepole," alinong'ona. "Wamelala."

Nilitazama shuka. Lilikuwa limetandazwa, limelala bapa, isipokuwa katikati. Pale katikati lilikuwa limeinuka.

Sikuingia. Nilikwenda zangu chumbani, nikakaa kitandani na viatu vyangu, nikiwa nimeshika brashi kavu.

Yaliyofuata yalitokea asubuhi, mchana kweupe, mbele ya macho yangu. Kaka alikuwa ameshindwa. Ngozi ilikuwa imemchubuka kwa kujikuna, kazini alikuwa anateremka kwenye ngazi kila mara kwenda kujificha. Shemeji alipotoka kwenda sokoni, kaka alivunja kufuli la mlango, akalibeba shuka mikono ikiwa mbali na mwili, akamkabidhi mama.

"Chemsha tu, Mama. Mimi nimefika mwisho."

"Mwenyewe kakubali?"

"Chemsha, Mama."

Mama alisita. Kisha akalitumbukiza, akalisukuma chini kwa ule mti wake wa kukorogea. Maji yalikuwa yanatokota. Kaka akaondoka kwenda kazini haraka, kama mtu anayekimbia kelele ambayo bado haijaanza.

Sijui nani alimwambia shemeji. Labda hakuna. Alirudi bila kikapu, bila viatu, anakimbia. Hakupiga kelele. Alipita mbele yangu kama upepo, akafika kwenye pipa, akazamisha mkono mpaka juu ya kiwiko.

Nasema maji yalikuwa yanatokota.

Alikuwa anapapasa mle ndani, uso umetulia, midomo inahesabu. Mama ndiye aliyepiga kelele. Alimkumbatia kwa nyuma, akamvuta kwa nguvu zake zote za kizee, nami nikaruka kwenda kusaidia. Mkono ukatoka na shuka, shuka likanasa kwenye ukingo, pipa likayumba. Mama alimsukuma mkwewe pembeni. Maji yote yakamwagikia mama mwenyewe, kuanzia kifuani kwenda chini.

Shemeji alikaa matopeni, ameukumbatia mkono uliobabuka pamoja na shuka linalofuka mvuke. Hakumtazama mama. Alikuwa analikunjua, anatafuta.

Mama alilazwa. Wodi ya walioungua ina ukimya wake, watu wanavumilia kwa kuuma mashuka. Nilikuwa nakwenda kila nilipopata nafasi, nampulizia uso kwa kipande cha boksi. Hakumlaumu mtu.

"Mpelekeni hospitali yule mtoto," alisema. "Anaumwa, hana ubaya. Mwambie kaka yako asimpige wala asimwache."

Siku nyingine alikuwa amelala chali, macho kwenye dari. Kisha akaniuliza:

"Pale uani, lile shuka lilipoingia kwenye maji. Ulisikia kitu?"

"Kitu gani, Mama?"

"Basi."

"Mama, kitu gani?"

Alinishika kidole. Mkono wake ulikuwa moto kama pasi. Ilibidi niiname mpaka sikio likaribie mdomo wake.

"Walilia," alisema. "Mara moja tu."

Daktari alisema ni homa, vidonda vimeingia uchafu, watu wakifika hapo husema mengi. Namwamini. Mama alifariki kabla ya jua kuzama.

Msibani watu walikuja wachache, na waliokuja walikuja kutazama. Nilisikia kwa masikio yangu mwanamke mmoja akisema pipa limemrudia mwenyewe. Sikuwa na nguvu ya kugombana. Shemeji alikaa kwenye kona, mkono umefungwa bendeji, hatoi machozi. Alikuwa amenenepa. Nilidhani hivyo. Kisha nikaona kwamba mikono na shingo vimekonda, mifupa inahesabika. Kilichonenepa kilikuwa tumbo.

Yalipoanza maumivu hakumwambia mtu. Yalimshika chini ya tumbo upande wa kulia, halafu yakatambaa tumbo zima. Homa ikampanda. Alitapika. Kaka alirudi akamkuta amejifungia, ametandika godoro sakafuni, amekaa ameegemea ukuta, magoti yamepanda, anapumua kwa kukata. Jasho linamtiririka. Na anatabasamu.

"Wakati umefika," alisema.

"Twende hospitali, mke wangu."

"Nilikwenda kutibiwa mkono, nikaona wanavyofanya pale. Wana maji ya moto."

Kaka alinifuata uani akilia kama mtoto. Tukamwita msusi, tukidhani atamsikiliza. Msusi aliingia, akamshika tumbo, akautoa mkono upesi. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Alitoka nje amebadilika rangi.

"Mchukueni," alisema. "Mchukueni hata kwa kumfunga. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Mtaalamu, mimi najua. Huyu hazai, huyu anakufa."

Tulimbeba kwenye blanketi. Alipigana, akaniuma bega, halafu nguvu zikamwisha. Njia nzima alikuwa akinong'ona neno moja. Nilipomwinamia nilisikia: "Msinibane."

Daktari wa upasuaji alikuwa mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuchoka. Alidhani ni kidole tumbo kimepasuka. Walipomfungua wakakuta kidole tumbo hakina neno. Tatizo lilikuwa kwenye mrija wa uzazi. Alitoka baada ya muda mrefu, akatuita mimi na kaka kwenye kichumba chenye meza na sinki, akafunga mlango.

"Mmewahi kusikia minyoo midogo myeupe inayowasumbua watoto?" aliuliza. "Inayotoka sehemu ya haja kubwa mtoto akilala, ikataga mayai, ikawasha?"

Kaka aliitikia kwa kichwa.

"Kwa kawaida haina shida. Inaudhi tu. Lakini kwa mwanamke, mara chache sana, mnyoo anayetoka nje kutaga hupotea njia. Badala ya kurudi alikotoka huingia mbele, akapanda kwenye kizazi mpaka kwenye mirija. Huko hana pa kwenda. Anakufa, na mayai yake yanabaki. Mwili unajitahidi kumzungushia nyama kama fundo, na uchafu alioubeba unageuka usaha. Huyu dada usaha umejaa tumboni. Mrija mmoja nimeutoa, na mwingine umeshikana kabisa. Mimi mwenyewe jambo hili nililisoma tu shuleni. Sikutegemea kuliona."

"Atapona?" niliuliza.

"Kwa bahati. Kuzaa ndiyo hakupo tena. Huenda ndiyo maana hakupata mtoto muda wote, siwezi kuapa."

Kaka alikuwa anaangalia mikono yake.

"Na dawa?" alisema. "Ingehitajika dawa gani?"

"Dawa yake rahisi. Kidonge kimoja kwa kila mtu wa nyumba, na kingine baada ya wiki mbili. Kukata kucha, kunawa mikono." Daktari alikuwa ameshasimama, anatafuta glavu mfukoni. "Na mashuka. Yachemsheni mashuka yote."

Sijapata kusikia mtu akilia kama kaka alivyolia. Alipiga kichwa kwenye sinki mpaka daktari akamshika, asijue amesema nini kibaya.

Shemeji alizinduka kesho yake. Mimi nilikuwepo. Muuguzi alikuwa anamrekebishia mto. Shemeji alishusha mkono wake mzima, akapapasa tumbo juu ya bendeji, akakuta limelala. Hakushtuka. Alimshika muuguzi kwenye kiwiko.

"Umewaona?" alinong'ona. "Walikuwa wangapi?"

Muuguzi alimwambia apumzike.

Alipopata nafuu, ndugu yake wa kiume alikuja kumchukua, akampeleka kwao. Nasikia huko ametulia, anapika, anaongea vizuri na watu. Amemeza vidonge vyake vyote. Jambo la mama huwa halizungumzi, na mtoto akiletwa karibu yake hunyanyuka akaenda kukaa kwingine. Kaka yangu alimtembelea mara moja. Walikaa kwenye benchi moja mpaka jioni, akarudi, akahamia karibu na karakana yake. Siku hizi hata ukimwita Shoti haitiki.

Nyumba nikabaki nayo mimi. Nilichoma lile godoro na kitanda chake. Nilimwaga dawa sakafuni, nikasugua kila pembe kwa maji ya moto. Nilikuwa nimeshajua kila kitu, kilikuwa na jina, kina dawa, daktari mwenye akili zake amekieleza mbele yangu. Nikasema chumba kile nitakipaka rangi, nipangishe, maisha yaende.

Nilipaka rangi ya mafuta, nyeupe, mkono wa kwanza, kuanzia asubuhi. Mchana nikafunga dirisha kwa ndani, vumbi lisiingie, nikafunga mlango kwa kufuli, nikatia ufunguo mfukoni. Kesho yake nilirudi kupaka mkono wa pili.

Ukutani, upande kilipokuwa kitanda, palikuwa na alama.

Ilikuwa chini, chini ya goti langu. Rangi mbichi ilikuwa imesuguliwa, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka saruji ikaonekana. Upana wake kama kiganja. Nimewaona watoto wa kituo, naijua alama ile. Mtoto anayeanza kusimama, akiwashwa mahali mkono wake usipofika, hujibandika ukutani na kujisugua.

Nilisema ni paka. Niliangalia dirisha. Niliangalia dari. Nikapiga magoti, nikaipaka upya, nikafunga.

Mpangaji alikuja, kijana wa duka la vifaa vya ujenzi, mcheshi. Hakumaliza wiki. Nilimuuliza kilichomkera akasema hakuna, ila aliniuliza kama jirani wa ukuta ule ana watoto. Ukuta ule hauna jirani. Nje yake ni barabara.

Sikupangisha tena. Hufungua mara mojamoja, mchana, redio ikiwa imewashwa uani. Alama huwa ipo. Huipaka, hufunga, huondoka. Sijamwita mtu yeyote aje aitazame, na kaka sijamwambia.

Mwanzoni nilikuwa napiga magoti kuipaka. Baadaye nikawa nainama tu. Juzi niliipaka nimesimama.